Modesta Anauza Maini, Binti Yake Haruhusiwi Kuyaonja

Saa kumi na moja alfajiri, kisu kinakwaruza kwenye kitako cha bakuli. Mara tatu huku, mara tatu kule. Modesta Luhende anakinoa taratibu, asimwamshe binti yake Queen, aliyelala nyuma ya pazia.

Kunapopambazuka yuko kwenye meza yake kando ya bucha, Buhongwa. Anakaanga maini ya ng'ombe kwa vitunguu na kuyauza na chapati. Ana miaka arobaini na saba, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na sita. Siku nzuri faida hufika shilingi elfu kumi na mbili.

"Mama Queen, leo nimekuwekea ini laini kama shavu la mtoto," anasema Pius, mwenye bucha.

"Wewe Pius, juzi ulisema hivyo hivyo nikapata soli ya kiatu!"

Wateja wanacheka. Modesta analibonyeza ini kwa kidole gumba, kisha analipokea. Likiwa gumu, hulirudisha.

Queen ana miaka kumi na saba. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa unaovunja chembe nyekundu za damu kabla ya wakati wake. Ameongezewa damu mara ishirini na tatu. Kila alipotoka wodini akiwa mnyonge, mama yake alijua tiba moja tu: maini asubuhi, maini jioni, na vidonge vyekundu.

Vidonge hivyo vilitoka kwa jirani, Dorcas. Alipokuwa mjamzito, kliniki walimpa vidonge vya madini ya chuma. Alimeza nusu, nusu akampelekea Queen. Baadaye akaviomba kwa wajawazito wengine wa mtaa. Modesta alivihifadhi kwenye kopo la majarini.

"Alijinyima mpaka akawa anapata kizunguzungu njiani, ili mwanangu apone," anasema Modesta. "Nitamlaumu vipi mtu kama huyo?"

Anayejilaumu ni yeye mwenyewe. Kwenye kliniki ya selimundu walimuuliza kila mara kama kuna dawa nyingine anampa mtoto. Kwa miaka sita alijibu hapana.

"Niliogopa kugombezwa mbele za watu. Nikajiambia, ni vidonge vya damu tu, vitamdhuru nini?"

Mwaka jana Queen alianza kuumwa tumbo upande wa kulia. Vipimo vikaonyesha chuma kimejaa mwilini. Daktari akambonyeza chini ya mbavu, akasema ini limeanza kuwa gumu. Modesta hakuhitaji kuelezwa maana ya ini gumu. Alikaa chini, sakafuni.

Muuguzi, Jovinary Muganyizi, alichuchumaa karibu naye. Hakumgombeza. Alimweleza polepole, na alipoona hajaelewa, akaanza upya.

Mwili, alisema, unahitaji chuma kidogo tu kila siku ili utengeneze damu. Kikitosha, ini hutuma ujumbe, na utumbo hupunguza kukipokea. Lakini mwili hauna njia ya kukitoa kile kilichozidi.

"Damu ya kuongezewa inapita kwenye mshipa, mama. Utumbo hauulizwi. Chupa moja inaingiza chuma cha miezi sita na zaidi. Na wewe ukaongeza vidonge juu yake, na maini, ambayo nayo yana chuma kingi." Kinachozidi hukaa kwenye ini na kwenye moyo, na huko huharibu kidogo kidogo.

"Kwa hiyo damu mliyompa ndiyo imemharibu mwanangu?"

"Hapana, mama. Damu ilimwokoa, ilikuwa lazima. Vidonge ndivyo havikuwa lazima."

Dorcas alipopata habari alikuja analia, amebeba maziwa mgando. Tangu hapo huyaleta kila Jumamosi, na Queen huyala na ugali.

Sasa kila asubuhi Queen huyeyusha kwenye glasi ya maji vidonge vya aina nyingine, vinavyokamata chuma na kukitoa kwa njia ya choo. Vinamsokota tumbo. Anakunywa hivyo hivyo, maana Novemba ana mtihani wa kidato cha nne.

"Nikila, mama ananikodolea macho kama polisi," anasema. "Nikinusa tu maini, anasema, 'Funga pua!'"

Modesta anacheka kidogo, halafu anajifuta macho kwa kanga. Alitaka kuacha biashara hii. Queen ndiye aliyekataa, akamwambia maini hayana kosa, wako watu wanaoyahitaji.

Kipimo kijacho ni tarehe kumi na nne. Chuma kikiwa kimeshuka, daktari amesema ini linaweza kupata nafuu. Kisiposhuka, watapima na moyo. Modesta ameomba kliniki jambo moja: aketi benchini na akina mama wapya, awaambie alichokificha. Jovinary amemkubalia.

Wageni waliokuja kuandika habari hii wanapoaga, Queen anawasindikiza hadi barabarani, kwa hatua fupi fupi.

"Mje tena tarehe kumi na tano, majibu yatakuwa yametoka," anasema. "Hata yakiwa mabaya, mje. Mama asiwe peke yake siku hiyo."