ATV yangu ilikuwa inazima njiani, nikamuita rafiki yangu mwizi wa kabureta

Wakuu, salaam kwenu wote. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka mingi. Leo naandika, na sitajipamba. Mwenye makosa kwenye huu uzi ni mimi.

Nipo Kilwa Masoko. Nina ATV ya zamani, ile pikipiki ya matairi manne. Bosi wangu wa zamani aliniachia alipofunga kambi yake ya wageni. Shamba letu la mikorosho liko ndani, njia ni mchanga mtupu, bodaboda inazama. Bila hiyo ATV, dawa ya mikorosho unabeba kichwani.

Msimu wa kupulizia ulipoanza, nayo ikaanza vituko.

Unawasha vizuri, unaondoka vizuri. Baada ya kama dakika ishirini, ukivuta mafuta inasita, inakohoa, inakosa nguvu, halafu inazima. Unashuka, unafungua kifuniko cha tenki kuangalia kama mafuta yapo. Yapo. Unafunga, unapiga starter, inawaka kama haijawahi kuumwa.

Dakika ishirini tena, yale yale.

Nikaipeleka kwa Fundi Mshamu.

Mshamu nimesoma naye shule ya msingi na madrasa. Gereji yake ilikuwa karibu na stendi, turubai tu na benchi, lakini bodaboda wengi walikuwa wateja wake. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na chujio la mafuta. Akaizungusha pale stendi, ikaenda safi.

Nikaichukua. Ikazima njia ya shamba.

Nikairudisha, akafungua tena. Mara ya tatu akamwaga mafuta yote, akaosha tenki, akaniuliza, "Kuna kitu umekigusa mwenyewe kabla hujaileta kwangu?"

Nikamwambia hakuna. Nilijibu bila hata kufikiri.

Wiki hiyo, pale tunapokunywa kahawa, jamaa mmoja akanitia neno. Eti mafundi wanatoa kabureta original wanauza, wewe wanakufungia feki. Sikuhakikisha chochote. Kesho yake alasiri Mshamu kaja kunywa kahawa, watu wamejaa, nikamuuliza mbele yao:

"Kabureta yangu umeuza wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Mimi?"

"Nani mwingine aliyeifungua?"

"Twende gereji ukaiangalie mwenyewe."

Nikakataa. Nikasema sihitaji kuonyeshwa ushahidi na mwizi. Wakuu, nilitamka hivyo, kwa mtu ambaye marehemu mama yangu alikuwa anamwita mwanangu.

Akasimama akaondoka, kahawa yake hajaimaliza.

Masoko ni padogo. Bodaboda mmoja akahamishia pikipiki yake kwa fundi mwingine, kisha wa pili, kisha wakawa hawahesabiki. Haikupita miezi miwili turubai limeshushwa. Nikasikia Mshamu kahamia Kinjumbi, ukweni kwake. Siku hiyo nilijiona mshindi.

ATV ikaendelea kuzima.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine, nikamwambia aniangalizie ile kabureta feki. Akaigeuza mkononi, akasema, "Hii ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, bwana. Haijawahi kubadilishwa."

Ningekuwa muungwana, ningepanda gari ya Kinjumbi siku ile ile. Nikanyamaza.

Aliyeniumbua ni mke wangu, Somoe. Tulikuwa tunatoka shamba, saa saba mchana, jua kali, mashine ikazima kwenye mchanga. Nikafungua kifuniko kama kawaida yangu. Somoe akasema, "Baba Rehema, hicho kifuniko kila ukikifungua kinavuta pumzi."

Nikamwambia mambo ya injini aniachie mimi. Halafu nikakumbuka ule mlio. Fyuu. Kweli, ulikuwepo kila mara.

Kwa wasiojua: mafuta yakipungua, tenki linatakiwa kuingiza hewa kujaza nafasi yake. Kwenye kifuniko kuna kitobo cha kazi hiyo. Kikiziba, mafuta yanagoma kushuka na injini inazima. Ukifungua kifuniko, hewa inaingia, inawaka tena.

Nikageuza kifuniko. Kitobo kimezibwa na gundi ya chuma, juu kimepakwa rangi nyeusi, huoni kitu.

Niliyeziba ni mimi. Ilikuwa masika, niliogopa maji ya mvua yasiingie kwenye tenki. Nikasahau kabisa.

Nikaikwangua gundi kwa ncha ya kisu. Mashine ikatufikisha nyumbani bila kukohoa hata mara moja. Somoe hakunicheka. Aliniuliza tu, "Na Mshamu je?"

Kinjumbi nilimkuta nje ya nyumba ya mkwewe, anaziba tyubu ya baiskeli. Fundi wa injini yule. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamweleza yote, nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

Aliendelea kusugua tyubu kwa msasa. "Nimekusikia."

"Rudi Masoko, ndugu yangu."

"Uliniita mwizi mbele ya watu," akasema. "Radhi umeniletea huku, tuko wawili."

Nikapanda gari kurudi Masoko.

Kesho yake alasiri nikaenda pale pale kwenye kahawa, na kifuniko mkononi. Nikasimama nikawaambia: Mshamu hakuiba kitu, mjinga nilikuwa mimi. Nikawaonyesha kitobo.

Wakakipitisha kifuniko mkono kwa mkono. Mzee mmoja akanirudishia, akasema kwa upole, "Una moyo mzuri, mwanangu. Kumsitiri mwenzio ni jambo la kheri."

Nikaapa kwamba simsitiri mtu. Wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye mazungumzo ya mpira.

Mshamu hajarudi. Simu yangu hapokei. Na hata juzi nimemsikia dereva wa bodaboda akimwonya mgeni awe makini na mafundi, akatoa mfano wa Mshamu.

Wenye ATV za zamani, kabla hujafungua kabureta, fungua kifuniko usikilize. Na fundi akikuuliza umegusa nini, tulia, fikiri, ndipo ujibu.

Upande wa pili, wa Mshamu, sina cha kufundisha. Kama humu kuna fundi aliyewahi kusingiziwa, naomba aniambie mtu afanye nini ili radhi imfikie kweli aliyekosewa. Wenye kunisema nanyi semeni, nitasoma yote.