Vikopo Vilivyoondoka Vimejaa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, na safari hii imenipanda kwa sababu yako. Kaa usome mpaka mwisho. Usiniambie una kikao.

Nilikuwa mke kijana pale Lipingo ziwani, nimeletwa na baba yako kutoka kijiji cha Ukata kule milimani. Nilitoka kwenye kahawa na baridi nikaingia kwenye jua na samaki. Nilitoka kwa Wakatoliki nikaingia kwa Waanglikana. Yote hayo niliyazoea upesi kuliko mama yangu alivyotegemea. Kilichonishangaza ni ziwa lenyewe. Kwetu milimani maji ya kijito hayakufiki hata kwenye vifundo vya miguu, na hapa nilikuwa nasimama majini mpaka magotini, nafua, naosha vyombo, naoga, nachota, naongea na wenzangu, jua linapanda nami bado nipo majini. Nililipenda lile ziwa kama mtoto.

Baadaye, badala ya mimba, nikaanza kuona damu isiyo ya mwezi, na maumivu chini ya kitovu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Wewe ni msomi wa mambo haya, huhitaji nikufafanulie. Lakini pale kijijini mwanamke mwenye dalili zile alikuwa ameshahukumiwa. Walisema nimeleta ugonjwa wa zinaa kutoka huko milimani. Baba yako hakusema hivyo, namshukuru mpaka leo, ila alianza kunyamaza mezani. Mimi nikaanza kupanga nguo zangu kwenye begi, nikisubiri siku ya kuambiwa nirudi kwetu.

Sikuwa peke yangu. Jirani yangu Sabina, binti wa kutoka kijiji cha Namswea, aliyeolewa pale muda mfupi baada yangu, alikuwa na taabu ile ile. Tulikuwa tunafua pamoja na kulia pamoja, na kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba ya kwake ni nafuu.

Ndipo wakaja watafiti. Walikuja na gari lenye matope mpaka kwenye vioo, maana barabara ya Mbinga wakati huo haikuwa hii ya lami mnayoteleza nayo ninyi. Wakatukusanya shuleni, wakasema wanachunguza kichocho, ule ugonjwa wa ziwani, kwa wanawake wa mwambao. Wanaokubali watatoa mkojo wa asubuhi, kisha nesi atawapima nyuma ya pazia. Wengine waliona haya. Mimi na Sabina tulikuwa mbele kabisa ya foleni. Tuliona wokovu wetu umekuja na gari.

Jioni waligawa vikopo vidogo vya plastiki vyenye vifuniko. Na hapa lazima nimwingize bibi yako, mama mkwe wangu, ambaye hukubahatika kumjua akiwa na nguvu zake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti, na mambo ya adabu za nyumbani kwake hayakuwa na mjadala. Unajua kwetu mwambao jirani akikuletea samaki kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Utatia unga wa muhogo, utatia hata chumvi kidogo, ilimradi lirudi na kitu. Yeye shuleni hakwenda, alikuwa shamba. Aliporudi akakuta wageni wameacha nyumbani kwake kikopo kizuri, kisafi, kina mfuniko. Asubuhi akakipeleka kwa mtaalamu mkuu kimejaa usipa, wale dagaa wetu, waliokaushwa vizuri, kwa mikono miwili, akapiga na goti.

Mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. Foleni nzima ilicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Alipoelezwa kilichotakiwa, mama hakuona aibu hata chembe. Alisema, "Kama ni mkojo mnautaka, mtapewa mkojo. Lakini kwangu chombo kimetoka kimejaa. Na mimi nangoja chenu."

"Hilo halina shaka, mama," mtaalamu akamjibu. "Majibu yatakuja."

Wakakusanya vikopo vyao, wakatupa kila mmoja kadi ndogo yenye namba yake, wakaondoka. Mvua zikaanza, zikaisha. Majibu hayakuja. Mwanangu, wewe uliyesoma, niambie: mtu akipimwa, asiambiwe kitu, watu watasema nini? Watasema hakuna kilichoonekana. Ndicho walichosema. Baba mkubwa wa baba yako aliitisha kikao cha ukoo, nikakaa chini mbele yao, naye akasema taratibu kabisa, "Wataalamu wamempima. Wangekuta ugonjwa wa ziwa wangesema. Wamenyamaza. Basi ugonjwa wake sote tunaujua."

Kimya cha watu waliokuwa mbali, wenye digrii zao, kilikuwa kimegeuka ushahidi dhidi yangu. Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Alisema kikao kimeahirishwa, na kwa kuwa hapakuwa na mwanamume aliyethubutu kumwambia hapana, kikaahirishwa.

Tulipanda lori la dagaa kwenda Mbinga, mimi na yeye, tumekaa juu ya magunia. Tulikuwa tumesikia kwamba watafiti bado wamepanga pale, wanamalizia kazi. Tukawakuta wanafunga mabegi. Mama akaketi barazani, akaweka kikapu chake miguuni, na mtaalamu alipotoka akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimefuata majibu ya mkwe wangu."

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Hilo nataka ulielewe, maana na wewe si mtu mbaya. Alivuta kiti, akaeleza kwa upole. Alisema ule ni utafiti, si matibabu. Alisema majibu ni ya jumla, yataandikwa na kupelekwa wizarani, na siku moja yatawasaidia wanawake wote wa ziwa.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkojo haukuwa wa jumla, baba. Ulikuwa wa huyu hapa."

Mtaalamu akanitazama mimi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza ananitazama. Nilimpa kadi yangu. Aliingia ndani, akakaa sana, mama akinong'ona sala zake za Kianglikana na mimi zangu za Kikatoliki. Aliporudi hakukaa kitini, alichuchumaa mbele yetu.

"Ni kichocho, mama. Mayai ya wadudu wake yameingia mpaka kwenye njia ya uzazi. Si ugonjwa wa zinaa. Hajafanya kosa lolote. Kuna vidonge, nitakuandikia sasa hivi mwende hospitali."

Nililia pale barazani mbele ya watu. Mama hakulia. Alimuuliza, "Na wengine?" Akajibu kwamba hawezi kutoa siri ya mtu kwa mtu mwingine, na alikuwa sahihi. Akasema ya wengine watayatuma. Tukamwamini.

Nilikunywa vile vidonge vikubwa vichungu, na baada ya muda damu ikakoma. Ulipita muda mrefu sana ndipo nikapata mimba, na mimba hiyo ni wewe. Nyingine haikuja. Daktari alisema kovu limebaki, tungewahi kidogo pengine ingekuwa vingine. Ndiyo maana huna ndugu, mwanangu. Ulikuwa unaniuliza ukiwa mdogo, nikawa nakuambia ni mipango ya Mungu. Mungu nilimsingizia.

Sabina je? Siku tuliyorudi nilikwenda kwake mbio, nikamweleza mumewe kila kitu. Akaniambia, "Shemeji, hilo ni jibu lako. La kwake liko wapi?" Sabina akachukua kadi yake, akapanda lori lililofuata. Alikuta vyumba vimefagiliwa, wageni wameondoka. Zahanati yetu haikuwa na hadubini, hospitali nayo ikampa vidonge kwa kukisia bila kipimo, na kukisia hakukumtosha mume aliyekwisha kutafuta mke mwingine. Alirudishwa Namswea. Alipona, mwanangu, ila alipona akiwa kwa kaka yake, analea watoto wa wifi. Ile ripoti ya jumla naamini iliandikwa. Naamini ilikuwa nzuri. Sabina hakuwahi kuisoma.

Sasa tuje kwako.

Ulipoleta barua yako ya chuo kusema unataka kufanya utafiti wa shahada ya pili, na utafiti wenyewe ni kichocho, na mahali penyewe ni Lipingo, nilifurahi kama mwehu. Nilizunguka na wewe nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nawaambia wale kina mama, "Huyu ni wangu, mpeni." Walikupa. Walilala nyuma ya pazia lako kwa sababu yangu. Wazee wasiojua Kiswahili vizuri niliwatafsiria kwa Kinyasa, mambo ambayo mama hatakiwi kuyasema mbele ya mwanawe, nikayasema.

Ukaondoka na maboksi yako. Juzi umenipigia simu una furaha, unasema umetetea andiko lako, umefaulu, makala itatoka kwenye jarida la ng'ambo, na sherehe ya mahafali imepangwa. Unaniuliza nitavaa kitenge cha rangi gani. Nami nikakuuliza majibu ya watu yako wapi. Ukanijibu, wewe uliyetoka tumboni mwangu, "Mama, matokeo nimeyakabidhi wilayani."

Wilayani nani anatoka damu?

Nikakubana, ukasema mradi umefungwa. Ukasema utaratibu haukudai umrudie mtu mmoja mmoja, ila wale walioonekana wagonjwa sana waliandikiwa rufaa. Nikauliza barua za rufaa zilikwenda wapi. Ukasema nazo zilikwenda wilayani. Jamani. Nilikata simu kwa sababu nilikuwa nakaribia kusema neno ambalo mama halisemi.

Unajua mimi ndiye ninayekaa nao? Wewe uko huko na wenzako mnapongezana. Mimi nikienda kisimani naulizwa. Nikitoka kanisani nasimamishwa mlangoni, "Mama, mtoto anasemaje?" Nimeshasema una mitihani. Nimeshasema mashine mbovu. Nimekuwa mwongo uzeeni, nawadanganya watu niliowashika mkono mwenyewe.

Na kuna Agneta. Humkumbuki kwa jina, najua, kwako ni namba. Ni yule mke kijana wa kule karibu na mwalo, mitumbwi inaposhushia samaki, mwembamba, aliyekuwa anashika kona ya kanga yake muda wote unapomhoji. Jumapili alinifuata nyuma ya kanisa, akaniambia wakwe zake wameitisha kikao. Nilimwambia aende hospitali akapimwe upya, nitamsindikiza mwenyewe. Akasema mama mkwe wake amekataa, kwamba ya nini, ameshapimwa na msomi wa hapa hapa, mtoto wa nyumbani, na angekutwa na kitu angeambiwa. Maneno yale yale, mwanangu. Niliyasikia nikiwa nimekaa chini mbele ya ukoo, na sasa yanasemwa kwa jina lako.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Unapochukua kitu kwenye mwili wa mtu, umeingia naye katika udugu, na udugu hauishi siku unayovaa joho. Elimu yako sikatai kwamba itasaidia walio wengi. Isaidie. Lakini ianze na aliyekupa. Mrudie, ukae naye faragha, umwambie kwa lugha anayoielewa. Kama ni mgonjwa, umfikishe kwenye dawa kwa miguu yako, usimtumie karatasi. Kama si mgonjwa, mwambie hivyo, alale usingizi. Kama huna uhakika, sema huna uhakika. Hata hilo litamsaidia mtu kuliko kunyamaza kwako, kwa sababu ukinyamaza, wengine watajaza maneno yao, na hayatakuwa ya huruma.

Usiniambie tena kuhusu utaratibu. Kama utaratibu haukudai, kalalamike huko ulikosoma, wabadilishe, una elimu ya kutosha kubishana nao. Lakini kubishana kutafuata. Kwanza panda basi.

Kitenge sitanunua. Sherehe yako sitakuja, na nimewaambia shangazi zako wasije, mpaka uwe umefika hapa na kupita nyumba zile zile tulizopita. Ukikasirika, kasirika. Mimi nimekasirika zaidi na nimetangulia.

Sijakulaani, mwanangu. Wewe ni mmoja tu niliye naye, nitakulaani na nani abaki? Mungu aliyenifungulia tumbo kwa jibu la mtu mmoja aliyekubali kuinuka kitini, akupe moyo wa kuinuka. Akulinde njiani, Mbinga mpaka huku, kwenye kona zile za mlimani. Akili aliyokupa aizidishe, na mikono yako iwe ya kuponya. Naye akufikishe kabla ya Jumamosi, maana ndiyo siku ya kikao, umkute Agneta bado yuko nyumbani kwake.