Kigae cha Bibi Atuganile

Mjukuu wangu Elizabeth amegoma kwenda kucheza mpira wa pete. Nilipomuuliza kulikoni, akaninong'oneza kwamba yuko mwezini, na wenzake wamemwambia akishika mpira timu itafungwa. Nilikuwa napepeta mpunga, nikaweka ungo chini. Mimi hasira zangu ziko karibu, Ikombe nzima inajua, na maneno ya namna hiyo yananiwasha vibaya. Nikamwambia akae hapo, nikamsimulia habari za bibi yangu Atuganile, mzaa baba. Nanyi sikilizeni, maana naona hamna habari.

Atuganile alikuwa mfinyanzi enzi za Mjerumani, kama walivyokuwa wanawake wote wa hapa kwetu. Sisi tumebanwa kati ya mlima na ziwa, pa kulima hapatoshi. Wanawake walifinyanga vyungu, wakavipakia mtumbwini na kupiga kafi mpaka Mwaya kubadilishana na mchele na ndizi. Mwenye kazi hasa ni yule anayekaa nyuma kuuelekeza mtumbwi, maana ukiyumba vyungu vinagongana, mnafika sokoni na vigae. Atuganile alikaa nyuma tangu hajaolewa. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na kufinyanga kwenyewe hakukupenda sana, ila alifinyanga ili apate sababu ya kwenda majini. Aliniambia hivyo mwenyewe, huku akicheka.

Sasa kulikuwa na mila. Mwanamke akiingia mwezini, anaweka kigae cha chungu mlangoni pake, kila apitaye ajue. Haruhusiwi kugusa udongo mbichi, eti vyungu vitapasuka motoni. Haruhusiwi kukanyaga mtumbwi, eti ziwa litachukia. Akae ndani mpaka siku zake ziishe. Na chungu kikipasuka motoni wakati hakuna aliyeweka kigae, basi anatafutwa aliyeficha, na hapo wanawake watavuana nguo kwa matusi. Mimi nikiyafikiria hayo mpaka leo naona moto.

Mwaka mmoja kabla ya vita ya Mjerumani na Mwingereza, wanaume wa Ikombe walichukuliwa kwenda kuchimba barabara huko juu milimani. Enoki, mume wa Atuganile, alikuwa mmoja wao. Walisema watakaa kidogo, wakakaa mpaka msimu wa kulima ukaanza kupita. Habari zikashuka kwamba Enoki ameangukiwa na jiwe mguuni, anakohoa, na bado anabebeshwa mawe. Hakuwa na ndugu. Mama yake, Anyosisye, mjane, alikuwa na mtoto huyo tu duniani. Nyumba yake na ya Atuganile zilitazamana, na wote wawili walikonda kwa mawazo.

Ndipo akaja tarishi mmoja kutoka Mwaya, Yakobo. Alisema siku ya kuzaliwa mfalme wa Wajerumani kutakuwa na mashindano ya mitumbwi, na kijiji kitakachoshinda, watu wake walioko barabarani watarudishwa makwao. Wazee wetu walitazamana. Vijana wa kupiga kafi ndio hao hao walioko mlimani. Mzee Andongwisye, mkubwa wa kijiji, akasema basi tena, Ikombe haina mtumbwi wa kupeleka.

"Mtumbwi tunao," Atuganile akasema kutoka nyuma ya watu. "Kafi tunazo, na mikono tunayo. Kimepungua nini?"

Andongwisye alicheka, akamuuliza Yakobo kama wanawake wanaruhusiwa. Yakobo akakuna kichwa, akajibu kwamba Bwana Mjerumani alisema mtumbwi, hakusema habari za wanaume wala wanawake. Yakaishia hapo.

Siku ya kwanza ya mazoezi ilikuwa aibu tupu. Mtumbwi uliwazungusha, ukawamwaga majini, na watoto ufukweni wakashika mbavu. Wanawake wale walikuwa hodari, lakini maishani mwao hawakuwahi kupiga kafi mtumbwi mtupu. Wakienda umejaa vyungu, wakirudi umejaa mchele. Mtumbwi mtupu hawakuujua. Kupakia vyungu waliogopa visivunjike, kwa hiyo Atuganile akasema wapakie udongo mbichi, ule wa kufinyangia, uliofungwa kwenye majani ya migomba. Ni mzito na haubingiriki. Anyosisye ndiye aliyekuwa na udongo mwingi, ameuchimba na kuukanda kwa mikono yake. Alinung'unika kidogo, kisha akautoa wote. Mtumbwi ukatulia chini yao, na tangu siku hiyo walikwenda vizuri.

Asubuhi ya safari, Atuganile aliamka akaona damu.

"Nilitaka kuficha," aliniambia miaka mingi baadaye. "Nisikudanganye, nilitaka kabisa." Lakini akawaza: mtumbwi ukipinduka, watasema amewaua wenzake. Na Enoki akifia huko juu, mama yake mzazi atasema hivyo hivyo. Akachukua kigae, akakiweka mlangoni, akaingia ndani akalia. Alijua atakayekaa nyuma badala yake ni Damari, aliyezoea kukaa mbele, na Damari kwa nguvu zake zote hakuweza kuunyoosha mtumbwi. Alijua Enoki harudi.

Akasikia miguu nje. Ilisimama mlangoni kwa muda.

"Ugonile, mwanangu," Anyosisye akamwamkia.

"Ndaga, mama. Usiingie, nimeweka kigae."

"Kigae kipi?"

Atuganile akachungulia. Mlangoni hapakuwa na kitu. Mama mkwe wake alikuwa amesimama pale, pindo la kaniki yake limefungwa fundo, na fundo lile lilikuwa na ncha.

"Mama, udongo utakuwa chini ya miguu yangu. Nitaugusa."

"Udongo wangu, nimeuchimba mimi," Anyosisye akasema. "Na mtoto anayekufa mlimani nimemzaa mimi. Funga nguo yako vizuri, uchukue kafi."

Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa mkali wa mila kuliko wote Ikombe. Aliwahi kukaa na jirani yake mwaka mzima bila kusalimiana kwa ajili ya kigae kilichochelewa kuwekwa. Mimi humpenda kwa sababu ya asubuhi ile moja tu, mengine yote nimemsamehe.

Huko Mwaya ufukwe ulijaa watu. Walipowaona wanawake wameshuka na mtumbwi uliojaa udongo, kicheko kikaanza. "Mmekuja kushindana au kufinyanga?" vijana wa Mwaya wakawauliza, nao walikuwa wameshaonja pombe ya sikukuu. Mitumbwi yao ilikuwa mitupu, myepesi, imepakwa mafuta. Mashindano yalikuwa kwenda mpaka mti uliosimikwa majini, kuuzunguka na kurudi.

Wanawake waliachwa tangu mwanzo. Mpaka karibu na mti walikuwa wa mwisho, na Damari aliyekaa mbele akaanza kulia huku anapiga kafi. Lakini upepo ulikuwa umeamka na mawimbi yameanza kusimama. Mitumbwi mitupu ilipogeuka kuuzunguka mti, ikalipa wimbi ubavu. Wa kwanza ukapinduka, wa pili ukaugonga, wa tatu ukajaa maji, na waliokuwa wakicheka wakaanza kuogelea. Atuganile akakaza miguu kwenye udongo, akaligawa lile wimbi, akauzungusha mtumbwi taratibu kama siku zote anapokuwa na vyungu. Walirudi peke yao. Hawakuwa na haraka, na aliniambia kwamba katika maisha yake hakuwahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi.

Yule Bwana Mjerumani aliyesimamia mashindano hakupendezwa, lakini alikuwa amelisema neno lake mbele ya watu wote. Akaamuru watu wa Ikombe waachiliwe. Wanawake wakakumbatiana. Atuganile akasimama ashuke mtumbwini, na hapo Damari akaiona damu. Ilikuwa imemshuka miguuni mpaka kwenye udongo.

Safari ya kurudi hakuna aliyeimba. Damari peke yake ndiye aliyesema: "Umetupakia kifo, Atuganile. Mume wangu naye yuko njiani." Atuganile aliendelea kuelekeza mtumbwi. Alikuwa amewashindia waume zao, na hakuna aliyetaka kumtazama usoni. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Kufika Ikombe, jambo likapelekwa kwa Andongwisye. Akasema udongo ule utupwe ziwani, na Atuganile arudishwe kwao kabla wanaume hawajafika, wasije wakaingia kwenye balaa. Atuganile alikuwa ameshaanza kufunga mkeka wake Anyosisye alipopita katikati ya watu, akauchukua mzigo wa kwanza wa udongo na kujitwika.

"Huu hautupwi," akasema. "Nitaufinyanga mimi, na nitauchoma hapa mbele yenu. Vyungu vikipasuka, mfukuzeni. Nitaondoka naye."

Akafinyanga. Watu walipita wakimwangalia akifanya kama wanavyofanya wafinyanzi wote wa hapa: anaponda vigae vya zamani, anavisaga viwe unga, anauchanganya na udongo mbichi ili chungu kistahimili moto. Vyungu vilipokauka, akavipanga ufukweni, akavifunika kuni na majani, akawasha. Ikombe yote ilikaa kuzunguka moto ule. Atuganile alikaa pembeni na mkeka wake uliofungwa.

Kikalia kimoja. Mlio wa chungu kupasuka kila mtu wa hapa anaujua.

"Mmesikia," Damari akasema.

Anyosisye alingoja moto ufe. Akavitoa vyungu kwa fimbo, kimoja kimoja, vizima, akavipanga mchangani. Kile kilichopasuka akakisogeza mbele ya Andongwisye.

"Kila nikichoma, kimoja kinapasuka," akasema. "Vyako, Damari, vinapasuka zaidi, nami nimekuona. Mimi niliacha kwenda mwezini Enoki akiwa bado anachunga mbuzi. Tangu siku hiyo vyungu vyangu vimeendelea kupasuka. Hebu niambieni, ilikuwa damu ya nani?"

Damari aliinama akachora mchanga kwa kidole, kisha akaenda kukaa karibu na Atuganile, akamfungulia ule mkeka. Hakuomba radhi kwa mdomo. Andongwisye akasema moshi unamuumiza macho, akaondoka zake.

Wanaume walishuka mlimani siku chache baadaye. Enoki alikuja akichechemea, amebaki mifupa, anakohoa, lakini alikuja kwa miguu yake. Mama yake alimpika samaki kwenye kimojawapo cha vyungu vile, na hakumwambia kitu mpaka alipomaliza kula. Halafu akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya mkewe. Enoki alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakusema zuri wala baya, na Atuganile hakulala vizuri.

Mwezi ukapita, siku za Atuganile zikarudi. Akatafuta kigae chake, kilekile, akakikosa. Alimkuta mama mkwe wake jikoni, Enoki akila.

"Mama, kigae changu ulikiweka wapi? Nataka kukirudisha mlangoni."

Anyosisye akagonga kwa kidole chungu kilichokuwa motoni. "Nilikisaga," akasema. "Kimo humu."

Enoki aliacha kutafuna. Akakitazama chungu, akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni. Kisha akamsogezea bakuli lake, akamwomba amwongezee.