Siku Niliyomnyoa Vero

Wenzangu mliokulia kwenye kampi za wafanyakazi hapa Likasi, mnakumbuka kwamba enzi zetu kichwa cha mtoto kilisomwa kama barua. Msichana akipita na mistari mipya ya nyuzi, ulijua mama yake yuko nyumbani na ana nafasi. Nyuzi zikiwa zimefumuka upande mmoja, mama anaumwa, au kuna mtoto mchanga. Mvulana akiwa na ngazi za mkasi kisogoni, baba yake ndiye kinyozi. Na ukimwona mtoto wa kike amenyolewa kipara, hukuuliza kitu. Uliteremsha sauti, maana kwao kulikuwa na matanga. Mtu mkubwa wa nyumba akifa, mjane na watoto walinyolewa, na kampi nzima ilijua kabla ya kuambiwa.

Sisi wavulana hatukuwa na mitindo. Mtindo ulikuwa mmoja, na mwenyewe alikuwa baba. Mara moja kwa mwezi alitoa kiti nje, akatufunga shuka shingoni, akaleta mashine yake ya mkono, ile ya kubana kwa vidole, iliyokata nywele mbili na kung'oa ya tatu. Ukilia alisema, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiye" na "ndiyo" zote ni "njo", "Kama inauma, njo kusema kichwa ingali mu shingo." Leo wajukuu wangu wanalipa watu wawachoree mistari kichwani. Wanakaa saa nzima mbele ya kioo, wanatoka na kichwa kama ramani ya barabara, na wiki ya pili barabara zote zimeota majani. Nikiwacheka wananiambia mimi ni mtu wa zamani. Ni kweli.

Lakini wasichana ndio walikuwa na kazi, na katika kampi yetu hakuna aliyekuwa na kazi kama dada yangu Vero. Mama alikuwa akisema kwamba Mungu alipofika kwetu alikuwa amechoka kuhesabu, akamwaga nywele zote zilizobaki juu ya Vero. Zilikuwa nzito, zimeshikana, na zilivunja meno ya visanuo vya mbao. Dawa yake ilikuwa nyuzi. Mama aliziosha Ijumaa jioni kwa sabuni ya kufulia, akazichana zingali na unyevu, akianzia nchani na kushuka polepole kwenye mizizi, kamwe si kinyume. Halafu alipasha mafuta ya mbegu za michikichi kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akampaka, na nyumba nzima ikanuka mafuta hayo pamoja na sombe, yaani kisamvu, ya kesho. Asubuhi Vero alipelekwa kwa Mama Kapinga, jirani yetu aliyetoka Kasai, mwenye vidole vyembamba visivyochoka. Huyo aligawa kichwa kwa vyumba vidogo, akazungushia kila fungu uzi mweusi kutoka shinani mpaka nchani. Likisimama wima tuliliita antena. Wiki nzima mtoto hakuhitaji kisanuo, kitambaa tu cha kulalia. Siku hizi nasikia wanawake wakiulizana mtindo gani ni rahisi kwa nywele nzito, na ninatamani kuwajibu, ila ninajua sina haki ya kuzungumzia nywele za mtu.

Mama Kapinga ndiye pia aliyewafundisha wasichana wa kucheza mbele ya altare kwenye Misa. Mwaka huo Vero, mwenye miaka minane, alichaguliwa kwa mara ya kwanza kucheza siku ya sikukuu ya parokia. Alifanya mazoezi kila mahali: akienda kuchota maji, akichekecha unga wa bukari, ugali wetu, hata akisubiri zamu ya choo. Mama alikuwa amekwisha kumshonea gauni jeupe.

Wiki chache kabla ya sikukuu, habari zikaja kwamba bibi yetu wa Kambove ameanguka na hawezi kusimama. Mama alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaniita kando. "Weye njo mukubwa," aliniambia. "Siku ya posho umupeleke Vero kwa Mama Kapinga, na ubakie pale mpaka amalize. Usimuache." Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu, mnajua, siku waliyopokea wazee wetu chakula cha kazini.

Kubaki pale maana yake ilikuwa kushika uzi. Mtu mmoja wa nyumbani alikaa karibu na msusi, akashika kibunda, akakata vipande vya urefu sawa na kumpa kimoja kimoja. Kazi hiyo ilikuwa ya dada wakubwa na shangazi. Jumamosi ya kwanza niliketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, uzi mkononi, kwa saa nne. Wenzangu wa mpira wakapita.

"Ee, Mama Nyuzi," mmoja akaita. "Utatusuka siye saa ngapi?"

"Muache, anajifunza kazi," mwingine akamjibu. "Ataolewa mbio."

Wanawake walicheka, Mama Kapinga akacheka, hata Vero akacheka na kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti ya msusi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Katika umri ule, aibu ndogo inachoma kuliko dhambi kubwa.

Jumamosi ya pili tulikuwa na mpira na vijana wa upande wa reli. Baba alikuwa kiwandani, zamu ya mchana. Asubuhi nilimwangalia Vero akifumua nyuzi zake kwa furaha, nywele zikivimba kichwani kama moshi, nikahesabu zile saa nne. Ndipo nilipomwambia kwamba wasichana wanaocheza kanisani kule Kinshasa sasa wanakata nywele fupi, ili kichwa kiwe chepesi na miguu iwe miepesi. Niliyatunga palepale.

"Yaya, haitauma?" aliniuliza; kwetu kaka mkubwa ni yaya.

"Hata kidogo."

Alikwenda mwenyewe kuleta kiti.

Mashine ya baba iliingia kwenye nywele zile ikakwama kama jembe kwenye mizizi. Nikachukua mkasi. Mkasi ukaacha mashimo. Kila nilipojaribu kusawazisha nilizidi kuharibu, mpaka mwishowe nikaleta sabuni na wembe nikazimaliza zote. Kumnyoa tu kungeweza kuitwa upumbavu wa mtoto, kama ningeishia hapo. Vero alijishika kichwa kwa mikono miwili, akatabasamu. "Mupepo inaingia," alisema. Nilimwambia akae nyumbani, nikakimbia uwanjani. Kuhusu matanga sikufikiri hata kidogo.

Mpira ulikuwa kipindi cha pili tuliposikia kilio. Enzi zile kilio kikisikika, mpira ulisimama wenyewe. Hakuna aliyepiga filimbi. Kilitoka upande wetu. Nilikimbia na wenzangu, na nilipokata kona nikamwona mama yangu ameketi katikati ya barabara, kikapu kimepinduka, viazi vitamu vimetawanyika, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa amerudi mapema kwa sababu bibi alipata nafuu. Wanawake wa kampi walikuwa wamemzunguka, wote wanalia. Kwetu mtu alilia kwanza, akauliza baadaye.

"Bwana yangu," mama alikuwa akisema. "Balinificha. Bwana yangu amekufa, na balinyoa mutoto."

Mkiniamini au msiponiamini, mimi mwenyewe nililia. Nilisikia baba amekufa, nikajitupa chini karibu na mama, nikalia kwa sauti kuliko wote. Ilichukua muda kabla sijainua macho na kumwona Vero amesimama peke yake ukutani, kipara kinang'aa kwenye jua, mikono mdomoni. Alikuwa amemkimbilia mama yake kumwonyesha kichwa chepesi. Hapo nikaelewa nani aliyemwua baba.

Baba alifika baada ya zamu, juu ya baiskeli yake, na chombo cha chakula kimefungwa nyuma. Alipoona watu aliteremka, akavua kofia kwa heshima, akamwuliza mwanamke aliyekuwa pembeni, "Mama, nani amekufa?" Yule alimtazama, akapiga ukelele, akakimbilia ndani kwake na kufunga mlango. Kampi ilicheka kwa mwezi mzima. Mpaka alipostaafu, wenzake kazini walimwita Mufu. Asubuhi walimsalimu, "Mufu, umeamuka?" na yeye akajibu, "Kidogo."

Lakini jioni ile, vicheko vilipokwisha, baba alisimama mlangoni akauliza, "Nani alinyoa uyu mutoto?"

Watu walikuwa bado wapo, na Mama Kapinga alikuwa mbele yao. Mama alikuwa ameketi, anakunywa maji. Nilijua fimbo ya baba. Nilijua pia kwamba nikisema ukweli, wale vijana wa mpira waliosimama nyuma watajua kwamba nimeharibu kila kitu kwa ajili ya kuogopa jina la Mama Nyuzi.

"Minye," nilisema. "Alikuwa na chawa. Alinilomba nimunyoe."

Mama Kapinga akasogea. "Chawa? Ile kichwa niliisuka minye na mikono yangu, siku ya posho yenye ilipita. Unataka kusema chawa ilitoka kwangu?"

"Sijui, Mama."

"Vero," baba akasema, "njo kweli?"

Vero alinitazama. Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize sentensi. Mimi nikaangalia viazi vitamu ambavyo mtu alikuwa amevirudisha kikapuni. Hakujibu, na kwa wakubwa wa enzi zile, mtoto akinyamaza amekubali.

Kesho yake Mama Kapinga alichemsha visanuo vyake vyote nje, mbele ya bomba la maji, wanawake wote waone. Mama naye alichemsha mashuka yetu. Siku chache baadaye mama alikwenda kumwomba amrudishe Vero kwa wachezaji, akanichukua nimbebee unga aliompelekea. Mama Kapinga aliupokea vizuri, akatukaribisha, lakini hakubadili neno.

"Kama ingekuwa nywele tu, ningemufunga kitambaa nyeupe, angecheza," alisema. "Lakini bale batoto bengine biko na bamama yabo. Banakatala asimame karibu nabo."

Kitambaa cheupe. Nilikuwa nimesimama palepale na kikapu kitupu mkononi. Upara niliomletea Vero ulikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa kipande cha nguo. Uongo wangu ndio haukuwa na kitambaa. Ningefungua mdomo, Vero angecheza. Tulirudi nyumbani, mama mbele, mimi nyuma.

Jumamosi kabla ya sikukuu nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri, "Nilisema uongo," katikati ya kupigana na kuiba sukari, kwa haraka, kama mtu anayepitisha mfuko chini ya mkono. Hakuuliza uongo gani. Alinipa Salamu Maria tatu, nami nikatoka nikijiona nimelipa.

Siku ya sikukuu Vero alivaa gauni lake jeupe, akasimama kwenye benchi kati yangu na mama, kichwa kimefungwa. Wasichana wakaja wakicheza, antena zao zote za mtindo mmoja. Sikuthubutu kumwangalia usoni. Niliangalia chini, nikaona miguu yake. Alikuwa akicheza kila hatua palepale aliposimama, kidogokidogo, bila kuinua viatu, na hakukosea hata moja.

Miaka iliyofuata hakuchaguliwa tena. Watoto walimwita Vero Chawa. Hakuna aliyetaka kumsuka, na mama alichoka kubembeleza watu, akawa anamkata fupi kwa mkasi kila mwezi, akisema ndivyo rahisi. Lakini kila alipomkata alimpekua nyuma ya masikio. Mama alizeeka akiamini kwamba binti yake ndiye aliyemkalisha barabarani siku ile. Hakumchukia, alimtania tu, mbele ya wageni, mbele ya mashemeji, mbele ya wajukuu, na mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao.

Vero sasa ni bibi. Anauza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni, na nywele zake mpaka leo ni fupi. Mwaka jana nilikuwa nimeketi uani kwake, mjukuu wake anafumua nywele za kununua, zile ndefu mpaka kiunoni, anahema kwa maumivu.

"Koko, weye ulikuwa na akili," msichana akamwambia bibi yake. "Ulikata fupi mbele batu bote baanze. Leo njo mode."

"Si minye," Vero akajibu. "Yaya yangu njo alinifundisha."

Msichana alipoingia ndani, nilimwambia. Nilimwambia yote: mpira, Kinshasa ya uongo, kitambaa cheupe, padri. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu. Aliendelea kupanga samaki kwenye beseni.

"Yaya, unaniambia minye?" alisema. "Minye nilikuwako. Nilingojea useme kwa Papa, akakufa. Nikangojea useme kwa Mama. Mu matanga ya Mama nilikuangalia siku tatu. Sasa unakuya kuniambia minye, mwenye nilijua."

Leo msichana akiamka na kipara, hakuna mama atakayeanguka barabarani. Atapigiwa simu kabla hajapanda gari, atatumiwa picha, na labda atasema kimempendeza. Vijana wanabadili vichwa kila Jumapili; Jumatatu nywele ziko begani, Jumatano zimetundikwa msumarini, na hakuna anayesoma chochote. Wamestarehe kuliko sisi. Hata hivyo ninaitamani kampi ile iliyokutazama kichwa ikajua kama mama yako yu mzima. Ilituamini sana. Mtoto mkubwa akisimama mlangoni na kusema neno kuhusu mdogo wake, liliaminiwa na nyumba zote mpaka kwenye reli, na hakuna aliyefikiri kulichunguza mara ya pili.

Wengi wa nyumba zile wamekufa. Baadhi bado mpo, hapa, Lubumbashi, na mbali zaidi, na najua mnapokutana na kucheka ya zamani mnalitaja jina lile alilopewa dada yangu. Ninyi ndio mliobaki kuambiwa. Vero hakuwa na chawa. Nilimnyoa ili niende kucheza mpira, na hata matokeo ya mpira ule siyakumbuki.