Kioo cha Mashine ya Sinema

Watu hudhani kioo ni kioo tu. Kinachokupa sura yako ni utando wa fedha ulio nyuma yake, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na mimi niliolewa na mtu aliyekuwa akiupaka. Alijifunza kwa fundi mmoja wa Kihindi kule Chumbageni, baada ya kuacha kukata mkonge. Miaka ile ya hamsini hakutaka hata kusikia mkonge ukitajwa.

Siku moja mwenye sinema ya mjini akamletea kioo cha mashine yake, kile chenye umbo la bakuli kinachokaa nyuma ya taa na kuusukuma mwanga ukutani. Fedha yake ilikuwa imebabuka. Akasema kikirudi kinang'aa atamwajiri, kisipong'aa, basi. Yule fundi alikwishafunga duka na kuhama, na dawa ya fedha iliyobaki kwetu ilitosha mara moja tu. Tukikosa hapo, ni kurudi shambani.

Dawa ile haitaki chumvi hata chembe, na visima vyetu vya Mabawa maji yake ni ya chumvichumvi. Mume wangu akakinga maji ya mvua katika mtungi mmoja, akaufunika. Nikiukaribia ananifokea, nami namjibu kwamba hata zamzam haiogopwi hivyo.

Mama yake akaja kutoka Tongoni kututazama. Kwao mtungi hauachwi ukapungua. Ukipungua, nyumba hutokwa na baraka. Alfajiri tukiwa tumelala akaenda kisimani, akaongeza maji. Ulikuwa umepungua kidogo tu, kwa hiyo mume wangu hakugundua kitu.

Akateka, akatia dawa. Maji yakageuka meupe kama tui. Akayaonja yale ya mtungini kwa kidole, kisha akainua macho. Mama yake amesimama mlangoni na ndoo, anatabasamu.

"Nimekujazia mtungi, mwanangu. Mkeo kazi zimemwelemea."

Nilifungua kinywa, mume wangu akanikanyaga mguu.

"Ahsante, mama," akasema. "Umefanya vyema."

Kioo kikarudi sinema vilevile kilivyokuja, naye akarudi kwenye mkonge. Mama aliambiwa dawa ilikuwa mbovu. Nilikatazwa kusema lolote, nikanyamaza, ila nilinyamaza kwa hasira.

Mwanawe alipokuja kupumzika, viganja vimechanika kwa miiba, mama alimpaka mafuta ya nazi huku akilia. Mimi nilikuwa natwanga, nikazidi kutwanga.

"Aliyekuuzia dawa ile," akasema, "Mungu amlipe kwa mikono hii."

"Msamehe, mama," mume wangu akamwambia. "Msamehe tu."

"Simsamehe."

Na hakumsamehe mpaka anaingia kaburini.