Dada alinitembeza Leiden, nami nikamtembeza Kingi

Ng'ombe wetu wamerudi mchana bila Papa, baba yetu.

Ngojeni nieleze.

Leo dada yangu Neema, anayeishi Leiden kule Uholanzi, alinitembeza mji wake kwa video ya simu. Alinionyesha mifereji ya zamani, soko, na samaki wanaoliwa mbichi na kitunguu.

"Mbichi? Uko muntu ao paka?"

Alicheka sana. "Sasa njo zamu yako, mamzeli wa kutembeza watalii. Unitembeze Kingi, kijiji yetu."

Mliosoma nami mnajua sikuwahi hata kunyoosha kidole darasani. Nilipita njiani nikinong'ona: huyu ni Mama wa mandazi, hapa wanatengeneza jibini…

"Ongea nguvu, mamzeli! Watalii hatusikii!"

Basi nikageuza simu kwenye kilima, nimwonyeshe mahali anapopapenda kuliko Leiden yote: malisho yetu.

Kicheko kikakatika.

"Mudogo, zile ngombe zinashuka. Juu ya nini saa hii?"

Ng'ombe wetu hushuka jioni, polepole, Papa akiwa mbele na fimbo yake.

Hawa walikuwa wanakimbia. Peke yao.

"Papa iko wapi?"

Nilipogeuka, Mama wa mandazi alikuwa ameshazima moto na kuingia ndani, kama siku ambazo watu wenye bunduki wanapita.

Neema bado yuko kwenye simu. Hataki kukata.

Kama uko njia ya Muheto na umeona mzee mwenye kofia nyekundu na buti za mpira, andika hapa chini.

Hata kama ni neno moja tu.