Wifi Hakataliwi

Shangazi yangu Idah anazijua nyumba zote zilizo nyuma ya mashamba ya chumvi ya Marereni, na nyingi anazijua kwa mbwa wa hapo. Kuna nyumba ya mbwa mkali, nyumba ya mbwa mvivu, na nyumba ya mbwa aliyemng'ata mwaka wake wa kwanza kazini, ambaye siku hizi humsindikiza mpaka njia panda. Miaka kumi na miwili anatembea huko. Akirudi alasiri huketi nje ya jiko kwenye kiti cha plastiki, huvua viatu, hutumbukiza miguu ndani ya karai la maji ya vuguvugu, na hapo hasemi na mtu.

Mimi ndiye nisiyeweza kunyamaza. Tangu nihamie kwake ili niwe karibu na shule ya sekondari, nimemuuliza maswali mpaka akaniita Karani.

Kazi yake ni ya mradi wa utafiti wa homa za watoto. Si daktari, si muuguzi. Huingia nyumba hadi nyumba akiwa na karatasi za mradi, huwasomea akina mama kwa Kigiriama, na mama akikubali humchoma mtoto kidole na kujaza damu kichupa kidogo kama kidole chenyewe. Damu hiyo huenda maabara mjini. Haimtibu mtoto yule. Wakubwa wanaitazama ili siku moja watoto wengine watibiwe vizuri zaidi. Mwisho wa karatasi kuna visanduku vitatu: amekubali, amekataa, hakupatikana.

"Kwa nini walikuchukua wewe, shangazi, na si mtu wa mjini?"

"Kwa sababu watu wataniamini."

"Si ni vizuri?"

Akatikisa miguu ndani ya karai. "Ni vizuri mpaka wakuamini kupita kiasi."

Sikumwelewa mpaka likizo ya Agosti, nilipofuatana naye kwa Kahonzi.

Kahonzi ni mke wa Dena, anayefanya kazi kwenye chumvi. Dena ni wa mbari moja na shangazi, kwa hiyo kwa Kahonzi shangazi ni wifi. Na huyu ni wifi aliyepika siku tatu kwenye matanga ya baba yake Dena, moshi ukimtoa machozi ambayo watu walidhani ni ya msiba. Kwetu mgeni hakataliwi usoni. Wifi wa namna hiyo ndiyo kabisa. Mtu asiyetaka hukuambia "haya, njoo kesho," na kesho yake humkuti. Ofisini hawana kisanduku cha "njoo kesho".

Kahonzi alikuwa ameombwa damu ya mtoto wake mdogo, Mapenzi, wa miezi minane, akasema haya. Mara tatu shangazi alikwenda. Mara ya kwanza Kahonzi kaenda shambani. Mara ya pili kaenda kanisani, siku ya Jumanne. Mara ya tatu amelala.

Siku ya Alhamisi, tukiwa njiani, simu ya shangazi ililia, na sauti ya mpigaji nikaisikia hata mimi. Alikuwa Nicholas, msimamizi wake, kijana mpole anayeongea kana kwamba anaomba radhi.

"Dada Idah, una watoto thelathini na tisa. Bado mmoja tu."

"Huyo mmoja hapatikani, Nicholas."

"Hakupatikana si jibu, dada. Rudi. Kesho tunafunga orodha, na unajua mwisho wa mwezi mikataba inatazamwa upya. Wenye arobaini kamili hawana la kuogopa. Nami naulizwa na walio juu yangu."

Shangazi akaitia simu mkobani bila kunitazama. Tukashika njia ya kwa Kahonzi.

Uani tulimkuta mama mkwe wa Kahonzi, bibi mfupi ambaye kila mtu humwita Hawe, yaani nyanya. Alikuwa akipukuchua mahindi.

"Idah! Miguu yako haichoki? Hata jua huchoka likatua."

"Imechoka, Hawe. Imenileta kwa mazoea. Kahonzi yupo?"

"Kaenda kuchota maji."

Mtungi wa maji, ule wa plastiki ya njano, ulikuwa pale pale mlangoni, umejaa, bado unatiririka. Nikamgusa shangazi kiwiko. Akanifinya.

Tungeondoka, lakini mtoto akalia nyuma ya jiko. Kisha Kahonzi akatokea, mtoto mbavuni, uso ameuinamisha.

"Karibu, wifi. Nilikuwa... haya, mchome tu."

Akaketi kwenye mkeka. Akakinyoosha kidole cha mtoto, akageuza uso upande wa pili. Kichupa kilikuwa mkobani. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na orodha ingekuwa imetimia.

Shangazi hakufungua mkoba. Alitoa karatasi akaisoma tena yote, polepole. Kisha akauliza yale maswali ambayo ni lazima yaulizwe.

"Damu hii ni ya kumtibu Mapenzi?"

"Ndiyo."

"La, wifi, ni ya utafiti. Ukisema hutaki, zahanati watakufukuza?"

"Watanifukuza."

"Hawatakufukuza. Zahanati ni mbali na mradi ni mbali."

"Basi hawatanifukuza," akasema Kahonzi, kidole cha mtoto bado kimenyooka.

Jibu hilo nalijua. Ndivyo tunavyomjibu mwalimu wa hesabu akiuliza kama tumeelewa.

Shangazi akaiweka karatasi chini. "Kahonzi, nione kama mtu tu. Una nini moyoni?"

Hawe akaacha kupukuchua. Kahonzi akamfuta mtoto kamasi ambazo hazikuwapo.

"Uliniambia majibu yatakuja," akasema.

"Majibu gani?"

"Ya Mwambire." Huyo ni mtoto wake wa kwanza, sasa yuko darasa la kwanza. "Ulimchoma akiwa kama huyu. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi, majibu yatakuja. Nikangoja, wifi. Pikipiki ikipita pale barabarani nasema ndiyo hayo. Nikawaza, labda wameona kitu kibaya ndiyo maana wananificha. Mwambire akikohoa tu, mimi silali."

Shangazi alizitazama punje za mahindi zilizotapakaa kwenye mkeka.

"Ule mradi ulikwisha," akasema. "Waliokuwapo wakaondoka. Niliuliza mara mbili, nikaambiwa ngoja. Kisha nikaacha kuuliza. Nikija huku niliona haya kukuambia."

"Nami sikukuuliza. Ningekuulizaje? Wewe ni wifi yangu."

Shangazi akatoa kalamu. Kahonzi alipoona inakwenda kwenye kile kisanduku cha katikati, alichosomewa kuwa ni cha kukataa, aliishika ile kalamu kwa mkono.

"Usiandike nimekataa! Sikukataa mimi! Hawe atasema nimemfukuza mtu wa mbari!"

"Hawe hasemi kitu," akasema Hawe. "Hawe anapukuchua mahindi."

Nilicheka, nikafinywa tena.

"Sikiza, wifi," shangazi akasema. "Siwezi kukuandikia jibu ambalo hujalitamka. Sema mwenyewe, ndiyo au hapana. Kwa lolote utakalosema, sima nitakula hapa hapa. Na wewe ukifiwa, nitapika."

"Nisifiwe."

"Usifiwe. Lakini nitapika."

Kahonzi akamrudisha mtoto kifuani, kidole kikaingia ndani ya leso. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa ncha ya kidole.

"Hapana, wifi. Mtoto wangu, hapana."

Shangazi akatia alama. Tukala sima na mchicha, na Kahonzi alikula kutushinda sote.

Njiani Nicholas akapiga tena. "Amekataa? Lakini si alikuwa amekubali?"

"Alinikubali mimi. Huo mradi wenu hakuukubali." Akasimama kutoa mchanga kwenye kiatu, simu imebanwa begani. "Na andika jina hili: Mwambire Dena. Damu yake ilichukuliwa miaka sita iliyopita. Tafuta majibu yake."

"Dada Idah, huo mradi hata sikuwapo."

"Mimi nilikuwapo. Andika."

Nikasikia Nicholas akivuta pumzi. Sijui kama aliandika.

Mwisho wa mwezi wenzake walipewa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Shangazi alipewa miezi mitatu, kisha waone. Aliisoma ile barua akiwa na miguu karaini, akaikunja, akaniuliza kama maharagwe yameiva. Nilitaka kumwuliza kama anajuta. Nilimwuliza. Akasema, "Karani, koroga maharagwe."

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, shangazi hata hajanywa chai, Kahonzi alitokea langoni. Alikuwa ametembea peke yake tangu alfajiri, Mapenzi mgongoni akiwa na joto la kuogopesha.

"Wifi, twende nawe zahanati. Wakimtoa damu usimame pale, uwaulize ni ya nani."

"Shangazi, leo ndiyo siku yako ya kupumzika," nikasema. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mikate.

"Najua. Nipe viatu."

Pale zahanati muuguzi alishika kidole cha mtoto. Kahonzi akamtazama shangazi, lakini kabla shangazi hajafungua kinywa, aliuliza mwenyewe: "Hii damu ni ya nani?"

Muuguzi akashangaa. "Ya mtoto wako, mama. Nataka kujua anaumwa nini. Ngoja hapo nje, utaitwa."

Tukangoja kwenye benchi. Shangazi alisinzia ameegemea ukuta, mdomo wazi. Hata nusu saa haikupita, jina likaitwa, na Kahonzi akatoka na dawa za malaria na kipande cha karatasi chenye majibu ya damu. Hajui kusoma. Aliitazama karatasi ile juu na chini, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso fundo la nguvu.

Kisha akamwamsha wifi yake taratibu, kwa kumgusa goti, akamwonyesha lile fundo.

"Yamekuja," akasema.